Skafu Iliyobaki Sindanoni

Jumatatu ilikuwa na ndege, na Glenys Tunks alikuwa na tiketi yake. Begi lilikwisha fungwa, likasukumwa chini ya kitanda ili Mama asilikanyage na kupata la kusema. Kilichobaki ni skafu moja. Ilikosa shubiri mbili kufika mwisho, na siku ile ya Alhamisi, saa nne asubuhi, uzi ukaisha.

"Umeisha?" aliuliza mama yake kutoka kwenye kiti cha karibu na jiko la kuni.

"Umeisha."

"Nilikuambia ununue mabonge matano."

"Uliniambia manne, Mama."

"Basi ulipaswa kujua kuwa nimekosea."

Nyumba ya akina Tunks ilikuwa ya mbao, juu kidogo ya uwanja wa mpira wa Penwarra, kaskazini-magharibi mwa Tasmania. Kwa miaka sitini hakuna kijana aliyechezea timu ya wakubwa mechi yake ya kwanza bila kuvishwa shingoni skafu iliyofumwa ndani ya nyumba hiyo: milia ya damu ya mzee na milia ya dhahabu, matamvua huku na huku. Zamani mfumaji alikuwa Elva, yaani Mama. Vidole vyake vilipoanza kukakamaa kwa baridi yabisi, sindano zikahamia kwa Glenys, na hakuna aliyemuuliza kama anazitaka. Uzi wenyewe haukuwa wa sufu. Ulikuwa ule wa plastiki wa duka la vitu rahisi, dola tatu bonge, unaokwaruza shingo na kutoa cheche ukiuvua. Wachezaji waliulaani, na wakauvaa mpaka wakawa vibabu.

Glenys alikuwa na miaka sitini na miwili. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu alale nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Mdogo wake, Maxine, aliishi Cairns, kaskazini kwenye joto, na kila Jumapili alipiga simu kusema, "Mama anaendeleaje? Mpe busu," kisha akaeleza jinsi alivyoogelea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mwaka huu Maxine alikuwa ametuma tiketi bila kuuliza, na nyumba ya wazee kule mjini ilikuwa imepata kitanda cha wiki tatu kwa ajili ya Mama. Wiki tatu! Glenys alikuwa akizitamka peke yake akiosha vyombo, kama mtoto anayelamba kijiko cha asali.

Elva hakukataa. Kukataa kungekuwa vita, na vita Glenys angeijua namna ya kuipigana. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Ukishamaliza skafu."

Maana nyumba ile ilikuwa na sheria yake: hakuna kusafiri na kazi ikiwa sindanoni. Bibi yake Glenys aliwahi kwenda Launceston akaacha soksi nusu, na aliporudi alimkuta mumewe amelazwa sebuleni, majirani wamevaa nyeusi. Glenys alijua kuwa babu yake alikufa kwa sababu ya moyo na siagi. Hata hivyo hakuwahi kuondoka nyumbani, hata kwenda kung'olewa jino, bila kufunga mishono.

Akavaa koti, akashuka dukani. Rafu ya nyuzi ilikuwa na mabonge kumi ya rangi ile, nayo hayakuwa rangi ile. Anayefuma anajua: kila bonge lina karatasi, na kila karatasi ina namba ya pipa la rangi ambamo uzi ule ulichovywa. Uzi wa bei rahisi hauna pipa moja lifananalo na jingine. Skafu yake ilitoka kwenye pipa la damu ya mzee iliyokolea. Mabonge yale yalikuwa ya tofali lililochomwa. Glenys aliyageuza moja baada ya jingine, akitafuta namba yake. Muuzaji, msichana mwenye pete puani, akamwonea huruma.

"Unatafuta nini, shangazi?"

"Pipa namba mia nne na kumi na mbili."

"Uzi si uzi tu?"

"Ungemwambia mama yangu hivyo," Glenys alisema, "ningekuzika mwenyewe."

Alisimama pale mpaka miguu ikaingia baridi. Elva alikuwa na desturi ya kupokea kila skafu iliyokwisha, kuisogeza dirishani na kuikagua mstari kwa mstari. Miaka michache nyuma alimfumulisha skafu nzima ya kijana wa akina Kerslake kwa sababu ya milia miwili iliyopauka. "Mtu atavaa hii mpaka azeeke," alisema, "na watu watadhani sisi ni vipofu." Wakati ule Glenys alifumua akilia kimoyomoyo, uzi ukijikunja magotini kama utumbo.

Safari hii alinunua bonge la tofali. Akiwa njiani kurudi alibandua karatasi yenye namba na kuitupa kwenye pipa la taka la kituo cha mafuta, kama mwizi anayetupa kisu.

"Umeupata?" Elva aliuliza kabla mlango haujafungwa.

"Nimeupata."

"Ule ule?"

"Ule ule, Mama."

Alifuma Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi. Walikula supu ya boga. Kila safu ya uzi mpya ilionekana wazi kama kiraka cha suruali. Mama akiikataa, hakuna bonge jingine Tasmania nzima. Akiikataa, Jumamosi kijana mpya atakosa skafu kwenye mechi yake ya kwanza, Jumatatu ndege itaondoka, na hapatakuwa na mwaka mwingine. Maxine alishasema tiketi hairudishwi. Ijumaa saa nane mchana alifunga mshono wa mwisho, akafunga matamvua, akampa mama yake.

Elva aliinuka. Akaenda dirishani kwa hatua zake za siku zote, mkono mmoja ukipapasa mgongo wa kiti, kisha ukingo wa meza. Jua la majira ya baridi lilikuwa linamwagika kwenye kioo. Aliinyanyua skafu usoni pake, akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya kila mlia. Pale ambapo damu ya mzee ilikutana na tofali, kidole kilipita bila kusita.

"Hapo sasa," alisema. "Rangi moja mwanzo mpaka mwisho. Nilikuambia ukitafuta utapata."

Glenys alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitetea. Hayakuhitajika tena. Ilipaswa awe na furaha, naye alijihisi kama mtu aliyesukuma mlango uliofungwa kumbe haukuwa na komeo, akaangukia ndani.

Alichukua kibonge cha dhahabu kilichobaki, akakiinua.

"Mama, hiki nacho ni rangi gani?"

"Unaniuliza maswali ya chekechea?"

"Niambie tu."

"Glenys, supu imekupanda kichwani."

"Ni rangi gani, Mama?"

Kuni zikapasuka jikoni. Elva alikunja skafu mara mbili, taratibu, akalinganisha ncha kwa vidole.

"Tangu lini?" Glenys aliuliza.

"Krismasi ya mwaka juzi. Kwanza katikati, kama mtu ameweka kidole kwenye picha. Sasa naona pembeni tu. Naona kwamba wewe upo. Sura siioni."

"Na birika la maji ya moto? Na ngazi? Ninapokwenda dukani unafanya nini?"

"Nakaa. Unadhani kwa nini nimekuwa mama mwema hivi?" Alijaribu kucheka. Halafu akasema kwa haraka, kwa sauti ambayo Glenys hakuwahi kuisikia: "Usiwaambie kule. Wiki tatu nitazimudu, nitahesabu hatua, nitasema miwani imevunjika. Ukiwaambia sitarudi. Beryl Stubbings alikwenda kwa wiki mbili na kibegi cha mkononi. Nyumba yake sasa anakaa daktari wa meno."

"Beryl alikuwa anawasha jiko na kulisahau."

"Na mimi nitakuwa yule asiyeona. Kila mmoja ana jina lake kule. Nenda kwa mdogo wako. Skafu imekwisha, sikuzuii. Ila usiwaambie."

Glenys alikaa. Kwa hiyo ndivyo mlango ulivyokuwa: ukifungua huku, kule unabana vidole vya mwingine. Miaka yote alidhani mama yake ndiye ameshika ufunguo, kumbe naye alikuwa upande wa ndani, akipapasa kuta.

Hakupata muda wa kufikiri. Saa tisa na robo simu ililia. Alikuwa Trudy, muuguzi wa nyumba ya wazee, mwenye sauti ya mtu anayetafuna biskuti.

"Glenys, mpenzi, fomu yangu ina mashimo. Nijibu ndiyo au hapana tu. Anatembea mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Anajilisha?"

"Ndiyo. Na anakosoa mpishi."

"Watafaana na wetu. Anaona vizuri?"

Elva alikuwa amegeuza kichwa, si macho, bali sikio. Mikono yake ilikuwa juu ya skafu. Glenys alitazama mikono hiyo, ikiwa imetulia kama wanyama wawili waliosikia hatua za mtu. Neno moja dogo, ndiyo, na Jumatatu angekuwa amekaa kwenye joto miguu ikiwa majini, na usiku wa kwanza mama yake angenyanyuka kutafuta choo kwenye korido ndefu asiyoijua, akihesabu hatua, akikosea.

"Upo, Glenys? Nimeuliza macho."

"Hapana," alisema. "Haoni. Mbele haoni kabisa."

"Lo. Haijaandikwa popote."

"Alikuwa anaficha. Mimi nami sikutazama."

Trudy aliacha kutafuna. Alisema maneno mengi: chumba cha jirani na ofisi, daktari wa macho wa Jumatano, tathmini, tutaongea baada ya hapo. Neno hilo, tathmini, lilibaki sebuleni hata baada ya simu kukatwa.

"Umeniuza," Elva alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa wiki tatu."

"Ningeweza kukuuza kwa neno jingine, ukavunjika nyonga. Nimechagua hili."

"Na wakinizuia?"

"Nitakuja kugombana nao."

"Wewe? Wewe hujawahi kugombana hata na kuku."

Jumamosi kijana mpya alivishwa skafu katikati ya uwanja. Mwenye macho aliona. "Glenys!" katibu wa klabu alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa uzio. "Ulikuwa umelewa ulipofika hapa mwishoni?" Watu wakacheka. Glenys akasema ndiyo, alikuwa amelewa.

Jumatatu kulikuwa na ukungu. Glenys alitoa mabegi mawili, la kwake na la mama yake, akayaweka kwenye gari. Angemshusha Mama kwanza, kisha aende uwanja wa ndege. Usiku kucha alikuwa ameamka mara tatu aende kupiga simu kuahirisha, na mara tatu akarudi kitandani, na hakujua ni ipi kati ya safari hizo sita iliyokuwa woga.

Elva alikuwa mlangoni, koti limefungwa hadi kidevuni. Miaka sitini alikuwa ameshuka kibarazani pale bila kumshika mtu, na hata miezi hii ya giza alishuka akiwa amenyoosha shingo kama malkia, kumbe alikuwa anabahatisha. Sasa alinyoosha mkono hewani, akasubiri.

Glenys akampa kiwiko. Kilishikwa kwa nguvu iliyouma kupitia sweta.

"Ngapi?" Elva aliuliza.

"Tatu. Ya kwanza hii hapa."

"Sema unaposhuka. Usinyamaze."

"Moja, Mama."

Wakashuka. Ngazi ya pili ilikuwa na barafu, na mkono wa mama yake ukakaza zaidi.