Sanduku la Arusi Lililokwenda Chuoni

Jua la Albertville linatokea ziwani, na leo linapotokea linamkuta Mwavita binti Hamidi ameshainama. Ana ufagio wa njukuti mkononi. Anafagia mchanga kama mtu anayefagia ukumbi wa wageni, kisha anamimina beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, na kuwatandaza kwa viganja, mmoja asimlalie mwenzake. Kunguru wawili wanamkodolea macho.

"Hawa wanazani mimi kipofu," anasema, na anawarushia kokoto bila hata kunyanyuka.

Ana furaha, na haifichi. Keshokutwa, Jumamosi, binti yake Hidaya, mwenye miaka kumi na saba, atapanda gari moshi kwenda Élisabethville kusomea ukunga kwa miaka mitatu. Viatu vyeupe, kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki, vilinunuliwa Jumanne.

"Siku ile nililala mpaka nikasahau kujigeuza," anasema. "Nilikuwa sijalala hivyo tangu mwezi wa sita."

Mwavita ana miaka thelathini na tisa. Mumewe, Idi, alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, akafariki mwaka 1953. Tangu hapo mama huyu anaishi kwa ndagala. Katika siku za giza, wavuvi wakiingia ziwani na taa zao, yeye hununua mabeseni yao alfajiri, huanika, na akishakausha huwauzia wachuuzi wanaopakia magunia kwenye gari moshi la Nyunzu na Kabalo. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa, na yeye hukaa nyumbani akishona mikeka. Mwezi ukiwa mwema hubakiwa na faranga mia sita na hamsini. Mwezi ukiwa mbaya, tusiseme.

Barua ya chuo ilifika Juni. Aliyewasomea ni jirani yao Eugène Ngoy, karani wa stesheni. Alisoma ukurasa wa kwanza akapiga makofi: Hidaya amepata burse. Masomo, kitanda, chakula, hata tiketi ya gari moshi, vyote vinalipwa. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba mtoto wa Mwavita anasomeshwa bure. Wanawake walipiga vigelegele, na Mwavita akapika chai ya sukari nyingi.

Maskini! Hakuna aliyekuwa amegeuza karatasi.

Asubuhi yake Ngoy alirudi uso umemshuka. Ukurasa wa pili ulikuwa orodha ya vitu ambavyo kila mwanafunzi lazima afike navyo, la sivyo hapokelewi. Akakaa kigodani, akaandika bei za dukani pembeni ya kila kitu, akajumlisha. Faranga 2,840.

"Papa Ngoy, uliniambia ni bure!" Mwavita alifoka.

"Mama Hidaya, tulia. Hiyo jumla si bei bado," Ngoy alimjibu. "Kile burse inalipa tumeisha kukata. Halafu kata kile uko nacho hapa nyumbani. Kile kinabaki, njo bei ya kweli. Haya, uko na nini?"

Akaanza kumsomea. Sanduku la bati lenye kufuli. Shuka nne. Foronya mbili. Chandarua. Taulo tatu. Sahani, bakuli na kikombe. Alipofika hapo, Mwavita aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na Ngoy akadhani mama wa watu amerukwa na akili.

"Hiyo orodha naijua," Mwavita alisema. "Njo sanduku la arusi la Hidaya."

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Mwavita ni mwanachama wa kikundi cha ngoma ya lelemama cha wanawake kumi na mmoja wa mtaa wao. Hucheza kwenye arusi na sikukuu, lakini kazi yao kubwa ni kutunzana. Msichana wa mmoja wao akifika miaka saba, huwekewa sanduku, na kila mama huleta chake mwaka hadi mwaka: huyu shuka, yule chandarua. Sanduku hukaa kwa mzazi, ila ufunguo hukaa kwa mkubwa wa kikundi, Mama Mwanne. Na halifunguliwi, ila kutia kitu, mpaka siku ya arusi.

Kwa hiyo vitu vilikuwepo, chini ya kitanda chake mwenyewe, na havikuwa vyake.

"Nilikuwa nimetunza mabinti wa wenzangu wote," anasema Mwavita, akigeuza ndagala kwa ncha za vidole. "Hidaya njo alibaki wa mwisho. Nikajiuliza, nikilifungua leo, mutoto wangu akiolewa nani atamtunza tena? Ataingia kwa mume mikono mitupu, wamucheke. Na nisipolifungua, chuo kinapita. Ilikuwa kama kuambiwa uchague jicho gani litobolewe."

Wiki tatu zikapita hivyo. Jibu kwa chuo lilitakiwa kabla Julai haijaisha, na siku moja alimwendea Ngoy akamwomba amwandikie barua ya kukataa. Ngoy aliandika, maana aliombwa. Lakini hakuipeleka posta. Aliitia mfukoni akamwambia, "Mama, hii nitaituma ukishakwenda kwa Mama Mwanne. Siyo mbele ya hapo."

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, wanawake walipokutana uani kwa Mama Mwanne, Mwavita alifika na binti yake. Orodha alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Alipokwisha kueleza haja yake, aliifungua orodha akampa binti yake.

Mama mmoja hakumumunya maneno. "Mila ikitobolewa tundu moja, yote inavuja," alisema. "Kesho mwengine atataka sanduku auze, anunue baiskeli."

Mama Mwanne, mwanamke mnene wa miaka sitini asiyependa kuharakishwa, alimgeukia Hidaya. "Wewe njo unajua kusoma. Soma, tusikie hao watu wanataka nini."

Hidaya akasoma. "Chandarua."

"Changu kile!" akadakia mama mmoja kutoka nyuma.

"Shuka nne."

"Mbili zangu. Za maua." "Na mbili zangu, nyeupe."

"Taulo tatu." "Mimi!" "Foronya mbili." "Nilizitarizi mwenyewe, waambie huko wasizichemshe!"

Ikawa kila kitu kikitajwa, mwenyewe anakidai kwa kifua mbele. Hata yule wa baiskeli aliposikia sahani na bakuli alishindwa kujizuia: "Ah, hizo za enameli nilizitoa mimi, zenye ukingo wa buluu." Uani kukawa na kicheko. Kumbe chuo kizima huko Élisabethville kimekaa, kimefikiri, kikatoka na vitu vile vile ambavyo wao walivijua zamani!

Kisha Hidaya akasoma, "Saa ya mkono yenye mshale wa sekunde." Hakuna aliyetoa saa.

"Ya nini?" akauliza Mama Mwanne.

"Ya kuhesabia mapigo ya moyo, Bibi. Ya mama anayejifungua."

"Moyo unahesabiwa?" Mama Mwanne akanyoosha mkono. Hidaya akamshika kifundo, akahesabu kwa midomo bila saa, na wanawake wote wakamsogelea kama wanaosubiri habari ya mgonjwa. "Unakwenda vizuri, Bibi," Hidaya akasema hatimaye.

Mama Mwanne alitoa ufunguo kwenye mkufu wake wa shingoni. "Tulimtunza mutoto," alisema. "Hatukumtunza bwana arusi. Bwana arusi mwenyewe nani anamujua jina?"

Mwavita alilia papo hapo, kwa sauti, na hakuona aibu. Kikundi kikamtoza faini ya sinia moja la pilau kwa kuvunja mila, na kikaila yote jioni ile ile.

Sanduku lilipofunguliwa, shuka moja ya maua ilikutwa mende wameitafuna kona. Mwenye shuka alimwakia Mwavita: "Nilikuambia utie karafuu!" Wakaipinda ile kona, wakaishona. Ndani mlikuwa pia na bafta nyeupe ya kutosha magauni matatu ya kazi, ikabaki kulipa fundi tu. Ngoy alipiga hesabu upya: kutoka faranga 2,840 zilibaki 1,080, za blanketi moja, ushonaji, viatu na saa. Ile barua ya kukataa akaichania jikoni.

Elfu moja na themanini si mchezo kwa mwanika ndagala. Julai na Agosti nyumba ilikula ndagala waliovunjika na muhogo wa shambani, na mikeka yote iliuzwa. "Lakini ilikuwa hesabu yenye mwisho," anasema Mwavita. "Muntu anaweza kubeba muzigo kama anajua uzito wake. Kile kinaua ni kutokujua."

Jua limepanda sasa. Ndagala wameanza kung'aa, na mchuuzi wa Nyunzu amekuja kuonja mmoja na kulalamikia bei, kama kawaida yake. Hidaya anafika na beseni la pili kichwani, saa mpya imefungwa kitambaa isiingie mchanga. Mama yake anamkemea kwa kuivaa pwani, kisha anamuuliza saa ngapi, kwa sauti ambayo mchuuzi lazima aisikie.

Tumaini lake halina maneno mengi. Anataka binti arudi baada ya miaka mitatu, afanye kazi hospitali ya hapa hapa Albertville, na akina mama wa mtaa wasife tena kwa uzazi huku watu wakisubiri gari. Wiki hii mama wawili wa kikundi wamekwenda kwa Mama Mwanne kuulizia kama ufunguo unaweza kutoka tena kwa ajili ya chuo. Mabinti zao bado wako shule ya msingi.

Na posa ikija kabla Hidaya hajamaliza? Mwavita ananyooka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anajishika kiuno na kucheka.

"Aje, karibu sana," anasema. "Lakini sanduku alete yeye."