Jirani yangu Myahudi na siku ya mama yake asiye na kaburi

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kwa heshima, wadogo kwa wakubwa.

Mimi sikukanyaga darasa. Anayechapa ni mjukuu wangu, mzaliwa wa hapa Birmingham, nami nimemkataza kupunguza neno au kuongeza lake. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Tunaishi Saltley, kwenye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Ukuta wa kushoto ni wa Mzee Emil, Myahudi aliyenusurika akiwa mtoto katika yale maangamizi ya Wayahudi huko Ulaya. Ndugu zake wote waliuawa. Mkewe amefariki, na watoto hawakujaliwa.

Hata hivyo sijapata kumwona mpweke. Wayahudi wenzake wanampokezana. Huyu analeta supu, yule anampeleka hospitali, mwingine anakuja kubishana naye habari za mpira tu. Anayewapanga ni mama mmoja aitwaye Miriam, mpole wa sauti, ila simu yake hainyamazi.

Sisi wa kanisani hujaa nyumbani kwa mtu akishakufa. Nalisema hilo hata kama mchungaji anasoma uzi huu.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka jana, Miriam alibisha hodi akiomba viti. Kiingereza changu ni cha dukani, kwa hiyo mkwe wangu Elias akanifafanulia.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka mama yake Mzee Emil. Kila mwaka siku hiyo husoma sala ya marehemu, na kwa desturi yao haisomwi na mtu peke yake. Sharti wawepo wanaume kumi. Zamani alikwenda sinagogi. Miguu imekataa, basi wenzake waliamua kumfuata nyumbani.

Kwetu, mtu akiombwa viti vya msiba hawezi kukataa. Tulibeba vyote, hata kile cha jikoni.

Pamoja na Mzee mwenyewe walitimia tisa. Wa kumi alipiga simu kwamba homa imemlaza.

Jua la baridi hapa huzama mapema, na likizama, siku yenyewe imepita. Mzee aliketi dirishani, kofia ndogo kichwani, akitazama mapaa ya ng'ambo.

Nikamsukuma mkwe wangu mbele. "Huyu hapa mwanaume mzima, Mkristo, hanywi pombe. Mhesabuni."

Miriam akaeleza kwa upole kwamba ni lazima awe Myahudi. Elias aliona haya. Mzee Emil akamgeukia: "Usisikitike, kijana. Hata hawa wengine nina mashaka nao."

Wakacheka, lakini mwanga ulikuwa unapungua.

Miriam akasema yuko mzee mwingine wa kwao, jina lake Leo, anaishi Nechells, si mbali. Mzee Emil akanuna. Nikaambiwa wazee hao wawili hawajasemezana kwa miaka, kwa sababu Leo alimwita mwizi wa karata mbele ya watu.

Hakuna aliyemsihi Mzee Emil. Walimsubiri tu, na Miriam ameshika simu.

Mwishowe akasema, "Mama yangu hana kaburi. Ana siku hii tu. Mpigie."

Mzee Leo alikuja kwa teksi, akajikongoja na gongo lake hadi mlangoni. "Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mama yako."

Mzee Emil akamjibu, "Basi ingia. Mama hakukosana na mtu."

Nilisimama mlango wa jikoni. Sikuelewa neno la sala ile, isipokuwa pale walipoitikia wote kwa pamoja, "Amina."

Baadaye nikamuuliza Miriam: mzee aliijuaje siku aliyokufa mamaye, ikiwa hakuna aliyerudi kumwambia?

Akanijibu kwamba haijui. Alipofika nchi hii akiwa kijana, rabi wao aliketi naye, wakachagua siku ile alipomwona mara ya mwisho. Tangu hapo jumuiya yote inaitunza, hata watu wasioijua sura ya mama huyo.

Wakuu, hapo nikawaza ya kwangu.

Mume wangu alipotea vitani, huko kwetu Fizi. Watoto waliomba tuweke matanga, nami nikakataa kila mara: hatuna mwili, hatuna siku, tutamlilia lini? Wakakua bila kujua kama walie au wangoje.

Tarehe siijui. Najua tu kwamba alipotoka, maharagwe yalikuwa yametoa maua.

Basi nikawaita wanangu. Tukachagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, majira ya maua yale, tukakusanyika, tukasali. Mwanangu mkubwa, ambaye hakuwahi kumtaja baba yake mbele yangu, alitusimulia jinsi baba alivyopiga mluzi akikaribia nyumbani. Mluzi ule nilikuwa nimeusahau kabisa.

Nilichojifunza ni hiki: marehemu asiye na tarehe anaweza kupewa siku, mradi wawepo watu wa kuishika pamoja na mfiwa. Na mfiwa mzee asiachwe aishike peke yake.

Mwenye mtu wake asiye na kaburi, aandike jina hapa chini, tumjue.

Wa kwangu anaitwa Byamungu.