Rozari Kwenye Gia Nyekundu

Shemeji yangu Telesphori alijifunza kuendesha kwenye trekta la chama cha ushirika, na kwa maoni yangu hakuwahi kushuka kwenye lile trekta. Hata alipokuwa na Landrova lake mwenyewe alikaa wima, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kama mtu anayelima.

Gari hilo alilipata mnadani, mwaka ambao kambi ya wajenzi wa barabara ilifungwa. Walikuwa wakilivutia magogo. Waliliuza wakaenda zao, na hapakubaki mtu wa kutuambia hiki kazi yake nini na kile kinaguswa lini. Tukawa tunabahatisha wenyewe uani kwake, pale Ushirombo. Honi tuliijua, gia tuliijua. Lakini kando ya gia kulikuwa na vijiti viwili vya ziada, kimoja kina kichwa cha njano, kingine chekundu. Cha njano tulikibonyeza, hatukuona badiliko lolote. Chekundu kilikuwa kimelala nyuma, na kabla hatujakigusa akaja Bibi Apolonia, mama yake Telesphori, na rozari yake mkononi.

"Hicho chekundu mkiache," alisema. "Chekundu ni hatari."

Padre alipomaliza kulinyunyizia gari maji ya baraka, bibi aliizungusha rozari kwenye kile kijiti, akaipiga fundo, akatuapisha nyumba nzima kwamba hakuna atakayeigusa. Nani angebishana? Sisi Wakatoliki wa Ushirombo, kitu kikishabarikiwa tunapita mbali.

Basi gari likatembea. Loo, kutembea gani! Lilinguruma kama mashine ya kusaga, na baiskeli zikatupita. Siku moja mzee mmoja mwenye baiskeli ya mizigo alitupita, akageuka, akatuamkia. Petroli ilikuwa adimu miaka ile, lakini gari lile lilikuwa likiinywa kama togwa, na rejeta haikuacha kuchemka. Telesphori hakulilaumu. Alilihudumia kuliko wanawe. Alizibua rejeta, alibadilisha plagi, mwisho akamwita fundi wa mashine ya kusaga, ambaye alipoiona rozari alivua kofia kwanza.

"Injini imezeeka," fundi akasema, wala hakugusa kijiti.

Telesphori akaridhika. Kwa mtu wa trekta, zile zilikuwa mbio tosha.

Kisha Bibi Apolonia akashikwa na tumbo ghafla. Tulimlaza nyuma kwenye godoro, tukaondoka alfajiri kwenda hospitali ya Kahama. Tulipopita Masumbwe jua lilikuwa kali na bibi alikuwa bado akituitikia. Baadaye akanyamaza. Kule hospitali daktari alimshika mkono, akamshika shingo, akatikisa kichwa.

"Bado ana joto," alisema. "Mmechelewa kidogo tu."

"Mbio za gari ndizo hizo, daktari," Telesphori akajibu kwa upole. "Mungu amempenda zaidi." Mimi nililia mpaka nikakaa chini. Yeye alikwenda kutia maji kwenye rejeta.

Tangu siku hiyo rozari ikawa ya marehemu, na kuigusa kukawa dhambi maradufu.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Paskazia, binti wa Telesphori na dada yangu, mimba yake ya kwanza. Mkunga alimpapasa, akatoka nje uso umembadilika. Mtoto amekaa vibaya, alisema, na damu inatoka, mkimbizeni Kahama. Tumkimbize! Kwa gari lile? Niliona wazi kwamba tunakwenda kuzika tena. Nilikaa mbele na shemeji. Dada yangu Serafina alikaa nyuma, kichwa cha binti yake mapajani.

Tulikuwa hatujafika hata Masumbwe Paskazia alipoanza kulegea.

"Nipeni rozari ya bibi," alisema. "Nataka kuishika."

"Haiguswi hiyo!" Telesphori akafoka.

"Cornel, fungua," Serafina akaniambia. "Mwanangu anakufa."

Nikainama. Fundo lilikuwa limekaza, nikakisukuma kijiti mbele kidogo nipate nafasi ya vidole. Wakati huohuo shemeji alikuwa amekanyaga klachi. Kijiti kikasogea, tak! Injini ikapiga kelele, na gari likapunguza mwendo, likasimama. Telesphori akaingiza gia ya kwanza, akaingiza ya pili. Injini inalia, gari halisogei. Nilijua nimeua gari na nimeua mtoto wa dada yangu.

"Umetoa baraka! Rudisha!" alipiga kelele, akakanyaga klachi tena.

Nilikishika kwa pupa. Badala ya kukirudisha kijiti nyuma nikakisukuma mbele zaidi, kikaingia. Telesphori akaachia klachi.

Mayu wane, mama yangu! Sijawahi kuona kitu kama kile. Gari liliondoka, akabadili gia likazidi, akabadili tena likazidi, na injini imetulia tuli, kama si ile. Miti ilikimbia. Kofia yangu ikaruka dirishani. Telesphori alikuwa ametoa macho, anapiga honi barabara tupu, na Serafina nyuma anasali kwa sauti. Masumbwe tuliipita kabla sijaitambua. Baada ya hapo ndipo nikalifungua fundo, nikampa Paskazia rozari.

Tulifika. Wakampokea Paskazia na mama yake, wakafunga mlango. Jua halijafika utosini Serafina akatoka mbio, rozari imezungushwa kiganjani. Wote wawili wazima! Mtoto wa kike, na jina lake ni Apolonia.

Tukaenda kumwambia babu yake. Tulimkuta kwenye uwanja wa hospitali anazunguka na gari peke yake. Anavuta kile kijiti nyuma, kama walivyokiacha wavuta magogo, gari linajikokota na kunguruma. Anasimama, anakisukuma mbele, linaruka. Anarudisha tena nyuma. Alipotuona akazima injini, lakini hakushuka.

"Baba Paskazia, umepata mjukuu!" Serafina alisema. "Tumempa jina la mama!"

Aliitazama rozari mkononi mwa mkewe, kisha akatazama godoro lililokuwa nyuma.

"Mama Paskazia," akasema, "mama alikuwa bado ana joto."