Sauti ya Urbano kwenye Simu ya Nassoro

Mwezi wa saba baada ya kumzika mumewe, Emiliana aligundua kwamba sauti ya Urbano inampotea. Uso alikuwa nao. Picha mbili zilikuwa ukutani, moja ya kipaimara cha binti yao Paskazia, nyingine ya kitambulisho iliyokuzwa. Maneno yake pia alikuwa nayo, mengi tu, maana Urbano hakuwa mtu wa kunyamaza. Lakini kila alipojaribu kuyasikia kichwani, yalikuja kwa sauti yake mwenyewe Emiliana. Alikuwa akipalilia maharage siku hiyo. Akasimama na jembe mkononi, akajaribu tena, akajaribu tena. Wapi! Alilia pale shambani, Buhinyuza, kuliko alivyolia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kumshika.

Simu ya marehemu ingeweza kumwokoa. Ilijaa sauti yake, ujumbe wa miaka minne, ila ilikuwa na namba ya siri ambayo Urbano alikwenda nayo kaburini. Kasiano, mkwe wao, kwa nia njema kabisa, akaipeleka kwa fundi wa senta. Fundi akaifungua kweli, akairudisha inang'aa, na ndani hamna kitu. Kumbe kuifungua ndiko kulikuwa kuifuta. Na kwenye simu ya Emiliana hakukuwa na neno hata moja la mumewe. Mtu mnayelala nyumba moja, akuachie ujumbe wa nini?

Basi palibaki mahali pamoja tu duniani: simu ya Nassoro, fundi bati wa Gitega. Emiliana hakuwa akimpenda Nassoro. Alikuwa hajawahi kumtia machoni, lakini hilo halikumzuia.

Chanzo cha chuki hiyo kilikuwa reli. Urbano na Emiliana walizaliwa na wazazi waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakakulia Katumba, Tanzania, ambako treni ya kwenda Mpanda ilipita katikati ya makazi ya wakimbizi. Watoto wengine walikuwa wakiikimbiza treni kwa kupiga kelele. Urbano alikuwa akichuchumaa kimya na kuhesabu mabehewa. Alitamani kazi ya reli, lakini mtoto wa mkimbizi alikosa hata karatasi za kuombea, akabaki mkulima anayejua ratiba ya treni kuliko majira ya mbegu. Waliporudi Burundi, mwaka wa elfu mbili na tisa, wenzake walihangaikia mabati na mashamba. Yeye alitazama milima, akauliza reli iko wapi. Alipoambiwa haipo, alinuna wiki nzima.

Kisha akaenda Gitega kufuatilia hati za shamba la baba yake. Akipita mtaa wa mafundi, akamkuta Mwislamu mmoja wa makamo anagonga bati la mbabura, yale majiko ya makaa, na mbele yake kimefunguliwa kitabu kikubwa cha Kiingereza kisicho na jalada. Nassoro alikikuta kwenye rundo la karatasi za kufungia bidhaa, akakihurumia kwa ajili ya picha zake: mashine za kwanza kabisa za reli za Waingereza, na mabehewa yao ya mbao, za karne mbili zilizopita. Nassoro hakujua Kiingereza na hakuwahi kuona treni. Urbano alikuwa na Kiingereza cha shule ya Katumba na treni kichwani. Hati za shamba zilingoja hadi kesho yake. Emiliana alizoea kusema kwamba siku ile ndiyo aliyompoteza mumewe mara ya kwanza.

Tangu hapo, kila Jumapili Urbano akishatoka misani, Nassoro alipiga picha ukurasa mmoja na kuutuma. Urbano aliusoma, akaueleza kwa sauti, Nassoro akajibu, Urbano akabisha, na mchana ukaisha. Walibishana kwa nini mashine moja ya mwaka 1829 ilizishinda nyingine kwenye mashindano, kama ni kwa ajili ya mabomba ishirini na matano ya shaba yaliyopita ndani ya tangi lake la maji, au ni kwa vile ule mvuke uliokwisha kufanya kazi ulielekezwa kwenye bomba la moshi ukavuta moto. Wazee wawili wazima, wenye wajukuu! Emiliana alipita na ndoo ya maji akisonya.

Sasa kuganduka, siku ya kufunga msiba, ilikuwa imebaki wiki tatu. Siku hiyo watu wangemzungumzia marehemu kisha wangerudi kwenye shughuli zao. Emiliana aliona kwamba akifika siku ile bila sauti ya Urbano, hataipata tena. Akaifunga simu iliyofutwa kwenye kitambaa, akachukua maharage ya zawadi, akapanda pikipiki hadi Muyinga. Mafuta ya magari yalikuwa adimu, akalala kwa jamaa. Kesho yake akapata gari la kupitia Karuzi, na saa tano alikuwa amesimama mbele ya banda la fundi bati.

Alipojitaja kuwa mke wa Urbano, Nassoro aliacha nyundo. "Mama Paskazia? Yesu wangu—" akasema, kisha akakumbuka yeye ni Mwislamu, akajikohoza. "Karibu, karibu. Zaituni! Leta kiti, bibi ya muzee Urbano amefika! Pole sana na musiba, mama. Mi nilitaka kuja kumuzika, lakini esansi ya magari ilikosa kabisa. Nimebaki na haya mpaka leo."

"Najua, shemeji. Sikuja kwa hilo."

"Bon, kama ni kitabu, iko hapa. Chukua. Ni yake kuliko yangu."

"Kitabu sikitaki. Nataka sauti yake. Zile jumbe alizokuwa anakutumia. Zetu zilifutika."

Nassoro akatazama mikono yake. Zaituni, mkewe, aliyekuwa akimimina chai, akasimamisha birika.

"Mama," Nassoro akasema polepole, "mi nimekosa. Telefone ilijaa. Ikawa inakataa hata picha ya kazi. Mu mwezi wa pili nikafuta vitu vya zamani. Sikujua kama..."

Emiliana alitaka kumpiga. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna haja ya kuipamba: alitaka kuichukua ile nyundo. Njia yote hii, na mtu aliyekula Jumapili zake zote alikuwa amezifuta kwa kidole gumba ili apate nafasi ya picha za mbabura.

"Zote?" akauliza.

"Nyingi. Si zote. Ngoja tuangalie."

Walivuta viti vitatu vikakaribiana. Kidole cha Nassoro, cheusi kwa masizi, kilipanda na kupanda. Zilikuwa zimebaki nne. Ya kwanza ilizungukazunguka, haikufunguka. Ya pili vilevile. Emiliana aliacha kutazama, akakaza macho kwenye maharage yake sakafuni.

"Bwana Nassoro, habari za Jumapili," ikasema ya tatu.

Alijikohoza. Emiliana alikuwa amesahau kabisa kwamba Urbano hujikohoza kabla ya neno analolipenda.

"Sasa ukurasa huu una kituko. Wanasema, kwenye reli moja ya makaa ya mawe, farasi ndio walikuwa wakivuta mabehewa. Njia ikianza kuteremka, mabehewa yanakwenda yenyewe kwa uzito wake. Sasa farasi afanye nini? Wakamtengenezea behewa lake la nyuma, na nyasi ndani! Anapanda, anateremshwa huku anakula, kama mheshimiwa. Wakazoea hata wakawa wanarukia wenyewe. Nassoro, hawa vijana wetu wa baiskeli, wanaoning'inia nyuma ya malori mlimani, walikuwa na babu yao Uingereza."

Ikaisha. Emiliana alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Zaituni alimshika mkono.

"Weka tena," akasema Emiliana. Wakaisikiliza mara tatu. Ilikuwa sauti nyembamba kuliko alivyodhani, sauti ya mtu mwenye furaha. Alijiuliza ni lini yeye alimsikia akiwa na furaha namna ile, akaona haya.

Ya mwisho ilikuwa ndefu. Kabla ya kuifungua, Nassoro alishusha kutoka rafuni mashine ndogo ya bati, yenye bomba refu na pipa la maji nyuma yake. "Nilitengeneza hii, nikamutumia picha, nikajisikia mukubwa. Lakini mi sijawahi kuona treni, mama. Mu kitabu inaonekana ubavu tu. Gurudumu iko na ukingo. Nikafikiri ukingo inakaa inje ya reli, kama ya kifuniko inavyokaa inje ya sufuria. Ndiyo akanijibu hivi."

Kwanza kilitoka kicheko, kirefu, cha kukata pumzi.

"Nassoro, ndugu yangu, umetengeneza sufuria yenye magurudumu! Ukingo unakaa ndani. Ndani, upande wa ndani wa reli zote mbili. Mimi nimechuchumaa kando ya reli tangu mtoto, nimeyajua mabehewa kwa chini kabla sijayajua kwa juu. Lakini usijilaumu. Hata hao Waingereza walianza vingine, ukingo waliuweka kwenye reli yenyewe, gurudumu likawa tupu—"

Hapo mwanamke akaita kwa mbali. "Urbano! Chakula kinapoa!"

Emiliana alishtuka, akageuka kutazama barabarani. Kisha akaelewa ni nani.

"Nakuja, nakuja," Urbano akasema, na hakwenda popote. "Sasa, nilikuwa nasema, gurudumu likawa tupu, na mawe yakawa yanajaa kwenye ule ukingo..."

Emiliana hakuikumbuka siku hiyo. Zilikuwa nyingi mno, zote zimefanana. Urbano yuko uani, hatua kumi kutoka mlangoni, mzima, anaongea, na yeye jikoni ana hasira kwa sababu ya ugali.

"Urbano!" Sasa mwanamke alikuwa karibu zaidi, na mkali. "Nimekuita mara ngapi? Acha hayo maneno, zima simu!"

Nassoro aliona haya kwa niaba ya kila mtu. Akanyoosha kidole gumba kuisimamisha. Emiliana akamdaka mkono, akaushikilia hapo hapo, akainama karibu na simu kama anayemsemesha mtu aliyekaa ndani yake.

"Nyamaza, wewe mwanamke," akamwambia. "Mwache amalize."