Aliyekuwa na Maji

Enzi zetu kule Chome milimani mtoto hakuwa na kompyuta. Alikuwa na jembe, na jembe halina kitufe cha kuzima. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema, nyie mliokula makande mchana na jioni bila kuuliza kama kuna kingine, mkateleza mteremkoni juu ya gogo la mgomba mpaka kaptula ikatoboka, halafu mkachapwa kwa sababu ya kaptula.

Mimi shule niliishia darasa la tatu na sioni haya. Biashara ya tangawizi nimeijenga kwa mgongo wangu, na stoo yangu hapa Same mjini nimeipiga lipu mwenyewe. Stoo hiyo ndiyo iliyonirudisha utotoni mwezi uliopita.

Mjukuu wangu Niwaeli alikuwa ameiazima afungue chumba cha gemu. Nikamwambia wazi, "Tangawizi inashuka kutoka milimani Jumamosi. Mashine yako ikiwa bado inakwama kama punda mbele ya daraja, unatoa vitu vyako." Msichana hakulia. Alisema tu, "Sawa, babu," akarudi kwenye lile sanduku lake la kompyuta lenye taa za rangi. Alikuwa amelikusanya kifaa kwa kifaa kwa miaka miwili.

Sasa nirudi Chome. Sisi maji tuliyakinga kwenye ndiva, bwawa la kuchimba lililokandikwa udongo. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake mferejini. Ukiharibu zamu yako huna wa kumlilia. Unasubiri mzunguko urudi, na mahindi yakishaanza kutoa mbelewele hayajui kusubiri.

Siku ya zamu yetu baba alituachia shamba mimi na dada yangu Nakundwa. Tukagawana kazi kwa haki, au tulivyoiona haki: palizi na maji kwa kupokezana, mimi kidogo, yeye kidogo, ili kila mmoja apate muda wa kuteleza na mgomba. Palizi ilikwenda vizuri mno. Mstari nilioacha, yeye aliuona na kuendelea. Lakini maji! Nikirudi sijui yamefika wapi. Nikaziba alipofungua, akafungua nilipoziba. Hatukuulizana, mbio tu. Tulipokuja kushtuka, maji yote yalikuwa yanaingia korongoni na shamba letu limekauka kama kiberiti.

Baba alitazama lile tope korongoni. Hakushika hata fimbo.

"Aliyekuwa na maji ni nani?"

"Wote wawili, baba."

"Ndiyo maana yamepotea."

Nusu ya mahindi ilikufa. Zamu iliyofuata alipanga upya: Nakundwa akae na maji tu, kutwa nzima, hata makande apelekewe palepale. Mimi palizi yote peke yangu. Nililalamika sana, maana jembe lilikwenda taratibu. Lakini nusu iliyobaki tuliivuna.

Basi Ijumaa nikaingia stoo. Niwaeli kainamia kioo, macho mekundu.

"Shikamoo babu. Usinifukuze, ni Ijumaa bado."

"Marahaba. Nionyeshe ugonjwa."

Akanionyesha. Ndani ya mashine mna kadi mbili za picha. Moja inachora picha ya kwanza, ya pili inachora inayofuata, zinapokezana, na picha zikienda haraka wewe unaona mtu anakimbia. Alikimbiza gari jangwani, safi kabisa. Kisha akafika kwenye gemu ambapo ukuta wa bwawa unapasuka, mawe yanaporomoka, maji yanafurika. Hapo kioo kikaanza kudonoa kama kuku.

"Haya maji yanachorwa tu?" nikauliza.

"Hapana, babu. Kwanza yanapigiwa hesabu. Kila jiwe linaangukia wapi, kila wimbi linasukuma nini. Fizikia. Na kila hesabu inaanzia pale ya nyuma ilipoishia."

"Anayepiga hesabu ni nani?"

"Nimeziachia zote mbili. Zinapokezana hesabu huku zinachora."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mwanangu, hizo ni mimi na bibi yako Nakundwa! Moja ikishika zamu lazima iulize maji yamefika wapi. Ipe moja maji, ikae nayo kutwa. Nyingine ilime."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasoma gazeti. Akafungua mipangilio, akaitenga kadi ya pili ifanye fizikia peke yake, ya kwanza ichore yote. Akapasua bwawa tena. Maji yakashuka, mawe yakabingirika, vumbi likapanda, wala hakuna kudonoa.

"Picha kwa sekunde zimepungua kidogo," akasema, "lakini hazikwami!"

"Hata mimi palizi ilipungua."

"Babu, umesomea wapi haya?"

"Mferejini."

Jumamosi tangawizi niliiteremshia kwenye chumba changu cha kulala wageni. Mke wangu hajafurahi bado. Ufunguo wa stoo nimempa Niwaeli.

Vijana wa siku hizi wanaangalia maji yakifurika huku wamekaa, wanakula chipsi, kaptula zao nzima. Hawajui baridi ya tope la alfajiri vidoleni, na mimi natamani ningewapa hata siku moja kama ile. Lakini sitasema wameharibika. Nakundwa aliposhuka kutoka Chome wiki iliyopita nilimpeleka stoo, akasimama na fimbo yake mbele ya lile bwawa la kioo, akauliza kwa ukali uleule wa marehemu baba, "Aliyekuwa na maji ni nani?"

Niwaeli akafungua ubavu wa sanduku, akagusa kadi ya chini.

"Huyu hapa, bibi. Habanduki."

Dada yangu akavuta kiti, akakaa.