Nani Kaufunua Wali wa Bi Nosrat?

Mtaa mzima wa nyuma ya soko la mji wa Langarud ulijua jambo hili: mtukanie Bi Nosrat ukoo wake, kesho atakusalimia. Lakini ufunue wali wake kabla ya wakati wake, hapo umejitafutia adui wa maisha.

Basi Ijumaa ile aliposimama mbele ya jiko akakuta fundo la kitambaa cha mfuniko limegeukia dirishani, wakati yeye tangu akiwa mwari hulifunga likaelekea ukutani, damu ilimwenda kichwani.

"Kumbe!" akasema peke yake. "Kumbe ndiyo maana!"

Alipopakua, wali ukatoka mashendea. Ukagandamana na mwiko, ukaanguka kwenye sinia kwa kishindo. Mwanawe Behruz akaula bila neno, akiuzamisha kwenye mchuzi wa mboga ili usionekane. Mkewe Samin akainamisha macho. Bi Nosrat akamwangalia huyo mkwewe kuanzia utaji hadi vidole vya miguu, akajisemea moyoni: kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Lazima mumjue mwanamke huyu, la sivyo mtasema ana wazimu. Alizaliwa katika mabonde ya mpunga, mtoto wa kwanza kati ya sita. Akiwa na miaka saba alikuwa tayari anasimama majini mpaka magotini pamoja na mama yake, ruba wakimnyonya miguu. Wali alianza kupika akiwa na kumi na mmoja. Mama yake hakuwa na saa wala kipimo. Alimwambia hivi: "Siku za kazi, mpikie baba yako wali wa maji ya kukaukia, huo hata kipofu anaupika. Wali wa wageni ni wa kuchuja. Unautokosa, unaing'ata punje kwa meno ya mbele. Ikiwa na kiini chembamba kama mfupa wa dagaa, mwaga maji hapo hapo. Ukichelewa, uji. Ukiwahi, changarawe. Kisha urudishe sufuriani na samli, uufunike kwa mfuniko uliovikwa kitambaa, na mkono wako ukae mbali." Siku moja Nosrat alifunua kuchungulia. Kofi alilokula hakulisahau.

Akaolewa na Feizollah, fundi wa baiskeli, mtu mpole asiye na makuu. Tatizo halikuwa Feizollah, tatizo lilikuwa dada yake, Ashraf. Wali wa kwanza wa bibi harusi, Ashraf aliuchambua punje kwa punje kwenye sahani akitafuta mbili zilizoshikana. Hakuzipata. Miaka arobaini na mmoja sasa, bado anazitafuta.

Kuanzia hapo jina likamshika. Harusi ya mtaani, aitwe Bi Nosrat. Matanga, aitwe Bi Nosrat. Feizollah alipofariki, alifuta machozi akaupika mwenyewe wali wa arobaini ya mumewe, na waombolezaji wakagombania ukoko kama watoto. Hakujua kusoma vizuri, hakuwahi kufika Tehran zaidi ya mara mbili. Alikuwa na jiko. Jiko ndilo lililomfanya awe mtu.

Sasa tangu majira ya kuchipua, tangu Behruz amwoe Samin na kumleta kukaa ghorofa ya juu, mambo yameharibika. Ijumaa hii wali mashendea, Ijumaa ile unachambuka vizuri, ile nyingine mashendea tena. Mchele ni ule ule, wa shamba la kaka yake, umekaa mwaka mzima ghalani ukapevuka. Chumvi ile ile. Sufuria ile ile. Kilichoongezeka nyumbani ni kitu kimoja tu, nacho kinavaa utaji wa maua na kinatoka Yazd.

"Yazd!" alimwambia jirani yake juu ya ukuta. "Mtu wa jangwani, mvua anaiona kwenye televisheni. Ataujulia wapi mpunga?"

Tena alikuja na sufuria ya umeme kwenye vyombo vyake vya harusi. Ipo ndani ya boksi, chini ya ngazi. Bi Nosrat akipita pale huitupia jicho kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini.

Jumanne Behruz akayasema yale ambayo mama yake alikuwa akiyangojea kwa hofu. Aliyasema kwa upole, na upole ndio uliomuudhi zaidi.

"Mama, umechoka. Pumzika. Mwache Samin apike Ijumaa moja moja. Si ipo ile ya umeme?"

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyeniambia, mama."

"Kakwambia huyo! Huko juu mnakaa mnanijadili!"

"Lahaula! Mama, wali wenyewe si tunaula?"

Bi Nosrat aliona yote kwa mara moja, ama alidhani ameyaona. Binti anashuka kisirisiri, anafunua, anatia maji, wali unaharibika, mume anasema mama amezeeka. Leo Ijumaa moja, kesho zote, keshokutwa Bi Nosrat anakaa pembeni na tasbihi akingoja kupakuliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanamke aliyenyang'anywa jiko ni mgeni, na mgeni siku zote anaulizwa ataondoka lini. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Akaamua kumkamata, tena mbele ya shahidi.

Shahidi akamchagua Ashraf. Fikirieni alivyokuwa amefika mwisho, hata akamwita Ashraf kwa hiari yake! Ashraf akapokea simu akacheka kooni. "Nitakuja, wifi. Nimesikia siku hizi mnakula wali kwa kijiko cha uji."

Ijumaa ikafika na mvua yake. Bi Nosrat alikuwa ameuroweka mchele kwenye maji ya chumvi tangu alfajiri. Akatokosa. Akatoa punje, akang'ata. Akatoa nyingine, akang'ata. Ya tatu. Akasimama kidogo, kisha akaumwaga kwenye chujio kwa haraka, maana mara ya mwisho alichelewa. Akatia samli na zafarani chini, akaurundika wali kama kichuguu, akautoboa matundu kwa mpini wa mwiko, akafunika, akafunga fundo likaelekea ukutani.

"Samin!" akaita kuelekea ngazini. "Naenda kwa jirani kuomba majani ya mnanaa! Nitakawia!"

Akabamiza lango la mbele hadi kioo kikalia. Kisha akazunguka nyuma, viatu mkononi, soksi zimelowa, akajipenyeza stoo ya jikoni katikati ya mitungi ya vitunguu saumu vya siki, akaacha mlango wazi upana wa kidole. Mwanamke wa miaka sitini na tatu! Lakini mwenye shaka hana haya.

Haikupita dakika tano. Samin akashuka kwa kunyata. Akasimama, akasikiliza. Akalifungua fundo.

"Nimekupata," Bi Nosrat akanong'ona. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Samin akafunua, akatoa punje moja, akaing'ata kwa meno ya mbele. *Tk.* Ilisikika hadi stoo. Binti akafumba macho kama aliyeumwa na jino.

"Ya Rabi, mawe," akasema polepole. "Leo mawe."

Akachukua birika la maji ya moto, akachovya vidole, akanyunyiza juu ya wali, huku na huku, taratibu, kama anayemwagilia miche. Akaonja tena. Akanyunyiza tena. Akafunika upesi. Halafu akaanza kulifunga fundo. Alilifunga, akalitazama, akalifungua. Akalifunga upya, akarudi nyuma hatua moja kuona kama limekaa vile alivyoliacha mama mkwe. Bado halikumridhisha. Mara ya tatu ndipo akapanda juu.

Shetani mkubwa huyu, Bi Nosrat aliwaza kwanza. Lakini lile neno lilimkaa. Mawe? Mawe gani? Yeye mwenyewe kaing'ata punje, tena tatu!

Akatoka stoo. Akafanya alichowahi kukifanya mara moja tu maishani: akaufunua wali ukiwa jikoni. Mvuke wote ukampita usoni ukaenda zake. Akatoa punje ya pembeni, akaing'ata. Laini. Akaiweka nyingine kwenye kucha, akaiminya. Katikati yake kulikuwa na kiini cheupe, kigumu kama chaki. Akaminya ya pili, ya tatu. Vile vile. Akaing'ata ya nne, meno yakamwambia: laini.

Akakaa kwenye stuli.

Meno yenyewe alikuwa ameyatia wiki mbili kabla ya harusi ya Behruz. Ya juu yote, ya mbele na ya nyuma, ya kubandika, meupe kama vikombe vya kahawa. Alitaka acheke kwenye picha, Ashraf asipate la kusema. Yalimkaa vizuri, akayasahau. Hakuwahi kujiuliza kama meno ya duka yanajua kusoma kiini cha mchele. Miezi mitano alikuwa anayauliza, nayo yanamjibu lolote lile.

Kengele ya lango ikalia. Ashraf.

Wakakaa chini kuzunguka kitambaa cha chakula, Behruz, Samin, Ashraf na Bi Nosrat, na mchuzi wa mabilinganya na kitunguu saumu, na samaki wa kukausha. Wali ulichambuka, hapana shaka. Ukoko ulitoka mzima, wa dhahabu. Lakini ule mvuke uliokimbia haukurudi, na wali wa juu haukuiva. Ashraf akapeleka mkono, akatafuna. *Tk.* Akatabasamu polepole. Alikuwa ameingoja sauti ile tangu harusi ya kaka yake.

"Wifi, mbona leo unatulisha changarawe? Au kuna mkono mwingine humo jikoni?"

Samin ndiye aliyeinua uso. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ni mimi, shangazi. Mama alitoka, nikaufunua. Nimeuharibu mimi."

"Samin?" Behruz akasema.

"Ni mimi."

"Si nilijua!" Ashraf akapiga paja. "Mtu wa jangwani! Wifi, nisamehe nilikudhania vibaya. Mnyang'anye mwiko huyu, asikanyage tena jikoni. Behruz, unasikia? Jiko la mama yako lisiguswe!"

Ndiyo hayo. Kila alichokitaka kilikuwa kimetandazwa mbele yake: shahidi, ungamo, jiko lake hadi kaburini. Hakutakiwa hata kusema uongo, kunyamaza kungetosha. Bi Nosrat akamtazama binti aliyekuwa akikunjakunja ncha ya utaji wake. Wiki nzima amemwita nyoka.

Akapeleka vidole kinywani, akayang'oa meno ya juu, akayaweka kwenye kisahani cha vitunguu saumu, mbele ya Ashraf.

"Uongo," akasema, na midomo ikamporomoka. "Wali nimepika mimi. Mawe ni yangu, na mashendea yote ni yangu. Mimi na haya meno tulidanganyana. Huyu mtoto alikuwa anarekebisha."

Ashraf alicheka. Alicheka akashika mbavu, akapaliwa, akaletewa maji, akacheka tena. Kesho Langarud nzima ingejua, na Bi Nosrat alilijua hilo wakati anayaweka. Behruz alimtazama mama yake, kisha akaanza kuangalia ukuta kwa sababu machozi yalimlengalenga.

Ashraf alipoondoka, wanawake wawili wakabaki na vyombo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza, mama."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje? Nyumbani kwenu nimekuja jana." Samin akasugua sinia. "Ukiwa mawe, naongeza maji. Ukiwa uji, nafunika tu, namwachia Mungu."

"Mjinga wewe," Bi Nosrat akasema. "Miezi mitano nimekula nyama yako kwa majirani. Nisamehe."

Samin alikuwa analia ndani ya povu la sabuni.

Ijumaa iliyofuata maji yalipochemka na mchele ukaanza kucheza, sauti ikapaa ngazini, wazi kabisa, majirani wakaisikia:

"Samin! Shuka na meno yako!"

Binti akashuka mbio. Bi Nosrat akampa punje kwenye ncha ya mwiko. Akaing'ata, akatikisa kichwa.

"Bado, mama."

"Una hakika?"

"Bado."

Bi Nosrat alikuwa tayari ameshika masikio ya sufuria kwa vitambaa viwili. Akamkata jicho la pembeni, refu, kama anayekagua mzani wa muuza samaki. Mvuke ulikuwa unampanda mikononi na kila kitu mwilini mwake kilimwambia mwaga, sasa hivi, mwaga.

Akasubiri.