Mtu wa Ukoo Kwenye Simu

Nasambu wa Langas si mtu wa kuchezewa, asikudanganye mtu. Anauza nyanya karibu na steji ya matatu, na ukimletea kreti iliyopangwa nyanya safi juu na zilizooza chini, ataimwaga yote mbele ya watu. Kitu anakishika, anakifinya, anakinusa, ndipo anakiamini.

Basi mama yake, Mama Nanzala, alipoanza kulalamika kwamba dawa za presha zinamvimbisha miguu, Nasambu akaingia mtandaoni kutafuta nyingine. Loo, zikaja tovuti chungu nzima, zote ngeni. Angefinya nini hapo? Ya kwanza ilikuwa Kiingereza kigumu, bila hata picha ya mtu. Ya pili ilimtaka akubali jambo asilolielewa, akaikimbia. Ya tatu ilikuwa na aya ya Biblia, mzee anayetabasamu na mitishamba yake, na nambari ya simu. Akafanya kile watu wa kwao hufanya wakikutana na mgeni: akapiga amsalimie, ajue ni mtoto wa nani.

Mtu huyo akaitikia "Mulembe" kwa Kibukusu safi. Akauliza mgonjwa ni wa ukoo gani. Nasambu akamwambia, Batecho. Yule mtu akacheka kwa furaha. Akasema hata yeye ni wa Batecho, kwa hiyo mgonjwa ni shangazi yake, na nani atamdanganya shangazi yake? Akaomba kuongea naye, akamwombea kwenye simu mpaka mama wa watu akatokwa na machozi. Kisha akasema zile tembe za hospitali ziwekwe kando, zisije zikagombana na mitishamba yake. Zikawekwa, na chupa yake ya kwanza ikanunuliwa.

Kiharusi kilimkuta Mama Nanzala jikoni akichambua kunde. Upande wote wa kulia ukapooza. Daktari alipouliza nani aliwashauri kuacha dawa, Nasambu alisema ni mtu wa ukoo. Ni pale kwenye benchi la wodi ndipo lilipomjia, likamkata maini: yule mtu hakuutaja ukoo wake kwanza. Alingoja aambiwe. Na yeye Nasambu, mmwaga kreti za watu, hakuimwaga hiyo.

Sasa mama yuko nyumbani, analishwa uji kwa kijiko, na Nasambu hajapata moyo wa kumwambia ukweli. Ameitafuta ile tovuti tena. Ipo palepale, mzee anatabasamu, na hajui hata amlilie nani aiondoe.

Jumapili iliyopita mama alimshika kwa ule mkono unaofanya kazi, akasema kwa ulimi mzito, "Nipigie mtoto wa ndugu yangu. Aniombee tena."

Nasambu akapiga. Alikuwa na matusi tayari, yale ya sokoni ambayo hata wapakuaji wa malori huyaogopa. Simu ikapokelewa haraka.

"Mulembe, dada. Shangazi yangu anaendeleaje?"

Mama akaisikia sauti, na ule upande mzima wa mdomo wake ukatabasamu, mara ya kwanza tangu hospitali. Nasambu akayaacha matusi. Akaisogeza simu kwenye sikio la mama, akaishikilia hapo mpaka maombi yakaisha na sauti ikaanza kueleza habari za chupa ya pili.